Imamu Ghazali Aliyezisaili Fikira Zake

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamelisikia jina la Imamu Ghazali tangu wakiwa wadogo chuoni. Pengine wamelisikia kama wanavyoyasikia majina ya mashekhe wengine wakubwa, wakamdhania kuwa ni mtu aliyezaliwa na kilemba kichwani, asiyepata kupitiwa na fikira mbaya hata siku moja. Sivyo alivyokuwa. Bwana huyu alishambuliwa na fikira zake mwenyewe hata akakaribia kuangamia, na yale aliyotufunza juu ya kuzizuia aliyaonja kwanza yeye.

Jina lake ni Abu Hamid Muhammad bin Muhammad, naye alizaliwa mwaka 450 wa Hijria, yaani 1058, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasani, karibu na Mashhad ya leo huko Iran. Yasimuliwa kwamba baba yake alikuwa akisokota nyuzi za manyoya ya kondoo na kuziuza, mtu maskini aliyependa mno kuketi na wanavyuoni. Alipokuwa akifa aliwaacha wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, mikononi mwa rafiki yake, pamoja na vijisenti alivyokuwa navyo. Vijisenti vilipokwisha, yule rafiki, ambaye naye hakuwa na kitu, aliwashauri waingie madrasa ili angaa wapate chakula. Basi Imamu mkubwa huyu aliletwa kwenye elimu na njaa.

Kuna kisa cha ujana wake kinachopendwa sana. Alikuwa akirudi kutoka masomoni Jurjan, wanyang'anyi wakauvamia msafara na kumpokonya kila kitu, pamoja na karatasi alizoandika darsa zake. Akamfuata mkuu wao akimsihi amrudishie zile karatasi, kwani ndizo elimu yake. Yule jambazi akamcheka, akamwuliza ni elimu gani hiyo ambayo mtu akichukuliwa karatasi hubaki hana kitu; kisha akamrudishia. Mwingine angeondoka na chuki ya kudhihakiwa na mwizi. Ghazali alikwenda kwao, akakaa miaka mitatu akizihifadhi karatasi zile moyoni.

Baadaye alisoma Nishapur kwa Imamul Haramain Al-Juwaini, mpaka mwalimu wake huyo alipofariki mwaka 1085. Mwaka 1091 Waziri Nidhamul Mulk alimteua kuwa mwalimu wa Nidhamiya ya Baghdad, naye ana miaka 33 tu. Wanafunzi wapatao 300 walihudhuria darsa zake. Alikuwa na cheo, mali, na jina lililovuka mipaka.

Hapo ndipo fikira zilipomjia. Alianza kujiuliza: je, ninasomesha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, au kwa ajili ya jaha na sifa? Jawabu lilimtisha. Mwezi wa Rajabu mwaka 488, yaani 1095, mambo yalimzidi. Yeye mwenyewe ameyaeleza katika kitabu chake Al-Munqidh min adh-Dhalal: kwa muda wa karibu miezi sita alikuwa asubuhi ataazimia kuihama Baghdad, ikifika jioni azma imevunjika, mguu mmoja autanguliza, wa pili aurudisha nyuma. Mwishowe ulimi ulifungika. Alijikaza apate kusomesha walau siku moja kuwaridhisha wanafunzi, neno lisitoke. Chakula hakipiti kooni. Matabibu wakasema ugonjwa huu umeanzia moyoni, wakakata tamaa ya kumtibu.

Mwezi wa Dhulqaada aliondoka. Aligawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, akatangaza kuwa anakwenda Makka, ilhali nia yake ni Sham. Wako wataalamu wasemao kwamba hasa alikimbia siasa, kwa kuwa Nidhamul Mulk aliuawa mwaka 1092 na Sultani Malik Shah akafa majuma machache baadaye, ikawa fitina tupu. Huenda hofu hiyo ilikuwamo. Lakini mtu aliyekimbia roho yake tu angeweza kutafuta mlinzi mwingine, na huyu hakutafuta. Huko Al-Khalil, penye kaburi la Nabii Ibrahimu, aliweka ahadi asiende tena kwa mfalme, asipokee mali ya mfalme, wala asishindane na mtu kwa maneno.

Damaski alijifungia katika mnara wa msikiti mkuu, mchana kutwa peke yake. Akenda Baitul Muqaddas, akahiji. Na katika miaka hiyo ya kujitenga ndipo alipotunga Ihyau Ulumid Din, vitabu 40 ndani ya kimoja, ambacho masharifu wa Hadhramaut walikienzi mno, nao ndio waliochangia sana kueneza elimu katika pwani yetu.

Katika sehemu aliyoieleza ajabu ya moyo, Imamu ameufanya moyo kama ngome yenye milango, na adui anatafuta pa kuingilia. Fikira mbaya, asema, haiwi tendo kwa mruko mmoja. Kwanza hupita wazo. Kisha nafsi hulielekea. Kisha moyo hukata hukumu kwamba jambo hili litendwe. Kisha huja azma. Chukua mtu aliyeketi barazani, akaletewa habari kuwa fulani amemsengenya. Wazo la kulipa kisasi limpitie, na damu imchemke: kwa haya mawili hana lawama, kwani hakuyaita. Lawama huanza pale moyo unapokubali kwa hiari yake, na azma ndiyo yenye hesabu kamili. Hata hapo mlango wa kurudi haujafungwa: aliyeazimia kisha akaacha kwa kumcha Mungu huandikiwa jema. Ama aliyeacha kwa sababu alimkosa fulani nyumbani, huyo hesabu yake ni nyingine.

Mimi naona hapa pana rehema kubwa. Wangapi miongoni mwetu hujiona wameshaharibika kwa sababu tu wazo chafu limewapitia, hasa wakiwa katika sala? Neno letu wasiwasi tumelitoa katika Kiarabu, na asili yake ni ule mnong'ono wa shetani. Leo tunalitumia kwa hofu ya kawaida, nasi tumesahau kwamba mnong'ono si wa mwenye sikio.

Dawa zake ni za mtu ajuaye maisha. Mwenye hasira akiwa amesimama aketi, akiwa ameketi alale, atawadhe kwa maji baridi, na akumbuke kuwa uwezo wa Mungu juu yake ni mkubwa kuliko uwezo wake juu ya yule amkasirikiaye. Na nafsi aliifanya mshirika wa biashara, rasilimali ikiwa ni umri: asubuhi uiwekee masharti, mchana uichunge, na kabla hujatenda usimame uiulize ni kwa ajili ya nani, usiku mfanye hesabu ya faida na hasara. Wafanyabiashara wetu wa Mombasa na Lamu wangemwelewa bila ya mfasiri.

Mwaka 1106 Waziri Fakhrul Mulk, mwana wa Nidhamul Mulk, alimtaka arudi kusomesha Nishapur. Ahadi ya Al-Khalil ilikuwa ikimngoja, na fikira mpya ikamjia, safari hii kinyume cha ile ya kwanza: huenda kule kujitenga kwenyewe kumekuwa uvivu na kupenda raha. Aliishauri nafsi yake, akawashauri wenziwe, ndipo akakubali. Alisema kuwa zamani alisomesha elimu ya kupatia jaha, na sasa atasomesha elimu ya kuiachia jaha. Hakudumu sana huko. Akarudi Tus, akawa na madrasa karibu na nyumba yake.

Alifariki siku ya Jumatatu, tarehe 14 Jumadal Akhira mwaka 505, sawa na tarehe 18 Disemba, 1111. Nduguye Ahmad, yule waliyeingia naye madrasa kwa ajili ya chakula, asimuliwa kusema kwamba asubuhi hiyo Imamu alitawadha, akasali, akaitisha sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni. Kisha akanyosha miguu, akaelekea kibla, na kabla jua halijapanda alikuwa ameshakata roho.