Nge wa Carlo Abarth

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, tumekaa barazani Makadara, kikapita kigari kidogo kwa mngurumo uliomwamsha mtoto wa jirani. Bomba la moshi limekatwa, na nyuma pamebandikwa picha ya nge. Nikamuuliza kijana mwenye gari, huyo nge ni wa nani? Hakujua. Basi leo namjibu, na wengine nanyi msome.

Nge huyo ni wa Carlo Abarth. Alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 15 Novemba 1908, akaitwa Karl. Carlo ni jina la Kitaliano alilolichukua baadaye. Nyota yake ndiyo ile wazee wetu wa falaki huiita Akrabu, yaani nge, naye akaifanya alama ya kazi yake. Mimi si mtu wa nyota, lakini alama ile imedumu.

Ujanani alishindana kwa pikipiki. Alipoumia vibaya akahamia pikipiki zenye kigari cha ubavuni, na mwaka 1934 akashindana na treni ya Orient Express baina ya Vienna na Ostend, Ubelgiji, masafa ya zaidi ya kilomita 1,300, akaishinda. Ajali nyingine, mwaka 1939 huko Yugoslavia, ndiyo iliyomshusha kwenye pikipiki. Baada ya vita alikwenda Italia, na mwaka 1949, akiwa na miaka 40, akafungua kampuni yake.

Kilichompa riziki ni ekzosi. Hapa nawaomba vijana wetu watege sikio, maana diploma yangu ni ya magari ingawa siku hizi nashika kalamu. Moshi hautoki kwenye injini mfululizo kama maji ya mfereji. Hutoka kwa vishindo, kila silinda kwa zamu yake. Bomba likiwa na upana na urefu uliopimwa, kishindo kinachotangulia hukivuta kinachofuata, silinda ikasafika na kupokea hewa na petroli mpya kwa wingi. Likiwa jembamba, injini hukabwa. Likikatwa ovyo, ule mvuto hupotea, ukabaki na kelele na jirani aliyekasirika. Abarth alipima, na mabomba yake akawauzia watu wa kawaida wenye vigari vya kawaida.

Kisha akaingia ndani ya injini. Fiat 600 ilitoka kiwandani na injini ya sisi 633, nguvu za farasi kama 21. Silinda aliitanua milimita moja tu, kutoka 60 hadi 61. Kazi kubwa ilikuwa krenki mpya, iliyorefusha mwendo wa pistoni kutoka milimita 56 hadi 64. Injini ikafika sisi 747. Akatia kabureta kubwa zaidi, akaongeza mgandamizo, farasi wakapita 40, na gari ni lile lile la kwendea sokoni! Katika magari yake ya mashindano yaliyofuata, kifuniko cha injini, kilichokuwa nyuma, kiliachwa kimeinuliwa ili ipoe. Asiyejua angedhani fundi amesahau kukifunga.

Wala hakuwa wa kuamuru tu. Mwaka 1965, akikaribia miaka 57, alipunguza kilo 30 ili aenee katika kigari chembamba, akavunja rekodi za kasi kule Monza kwa mkono wake. Inasemekana alikuwa akila matofaa.

Mwaka 1971 aliiuzia Fiat kampuni, na karakana ikageuzwa ya magari yao ya rally. Humo ndimo ilimotoka Fiat 131 Abarth ya valvu 16, iliyoipa Fiat ubingwa wa dunia miaka ya 1977, 1978 na 1980. Kenya tuliiona katika Safari Rally ya 1979: Markku Alén alimaliza wa tatu, nyuma ya Shekhar Mehta wetu na Hannu Mikkola. Injini ile hakuibuni Abarth. Chake kilikuwa jina. Kwa fundi nadhani ni jambo zito, jina lako likimbie porini na vumbi lake, na mkono wako haumo.

Alifariki Vienna tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo.

Yule kijana nimemwambia alete gari Jumamosi, tulipime hilo bomba.