Janani Luwum: Mchungaji Aliyekataa Kunyamaza

Jumapili iliyopita tulipomaliza Kitabu cha Esta, ndugu mmoja aliniuliza pale mlangoni kama mambo ya Hamani yanaweza kutokea karibu na kwetu. Nilimwambia yalishatokea hapo Uganda tu, safari ya usiku mmoja kwa basi.

Janani Luwum alizaliwa mwaka wa 1922 Mucwini, kaskazini mwa Uganda. Alichunga mifugo ya babake, akawa mwalimu wa shule, na Januari 1948 akaokoka katika uamsho uliowasha Afrika Mashariki yote. Alianza kuhubiri hapo hapo, bila kungoja cheo. Mwaka wa 1969 alifanywa askofu, na 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Kumbukeni, Idi Amin alipopindua serikali tarehe 25 Januari 1971, watu wa Kampala walijaa barabarani wakishangilia. Hata Wakristo wengi walimpigia makofi. Alikuwa anacheka na kila mtu. Lakini kule kambini askari Waacholi na Walango walikuwa wanauawa. Mwaka wa 1972 akawapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Mwezi wa Septemba akamtumia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa simu ya maandishi akimsifu Hitler kwa kuua Wayahudi. Halafu Waganda Wayahudi wa karibu na Mbale, wale Abayudaya, wakakatazwa ibada yao na masinagogi yao yakafungwa. Kila mara ilikuwa zamu ya wengine, na wale ambao haikuwahusu walishukuru Mungu wakafunga mlango.

Luwum hakufunga mlango. Aliingia ofisi za wakubwa kuwaulizia waliokamatwa. Wengine walimlaumu kwamba yuko karibu sana na serikali, lakini alienda tu, kwa sababu kuna mama alikuwa anamtafuta mtoto wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari walivamia nyumba yake wakidai wanatafuta silaha. Hawakupata kitu. Siku chache baadaye, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin wakilalamikia uvamizi huo na mauaji ya raia. Tarehe 16 waliitwa Kampala, wakasimamishwa mbele ya umati wa wanajeshi na silaha zilizopangwa kama ushahidi. Wengine waliruhusiwa kwenda nyumbani. Luwum alibakizwa. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Mwili wake ulikuwa na matundu ya risasi.

Namirembe walikuwa wamemchimbia kaburi, lakini serikali haikuwapa mwili. Alizikwa kwao Mucwini. Waumini waliimba kando ya kaburi tupu, wakakumbuka kaburi lingine lililokutwa tupu, Jumapili ya kwanza ya Pasaka.

Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, Amin alipiga marufuku makundi 27 ya dini. Makanisa ya Kipentekoste kama letu yalikuwa humo. Zamu yetu ilikuwa imefika.

Nami nina la kutubu. Mapema 2008 nilikuwa kijana hapa Eastlands. Jirani wa ploti yetu aliambiwa ahame kwa sababu ya kabila lake. Tulikuwa tumekula kwake Krismasi wiki chache tu kabla. Nilimwona akifunga godoro usiku, watoto wamekaa kimya kwenye ngazi, nami nikavuta pazia. Nilijiambia ni mambo ya wakubwa. Chuoni baadaye nilisomea biashara, nikafundishwa kupima hasara, lakini ile ya usiku huo sijawahi kuimaliza kuipima.

Wapendwa, uchaguzi huja na kwenda. Mtu akianza kuwapa jirani zako majina ya wadudu, iwe kwa mkutano, kwa matatu au kwa grupu ya WhatsApp ya ploti, usicheke. Mwambie hapana mapema, ukali ukiwa bado mdogo. Someni tena Esta sura ya nne, na Mithali 31 mstari wa nane. Na wiki hii ubishe mlango wa jirani ambaye si wa kabila lako, umjue jina. Siku ya shida itakuwa vigumu kumtetea mtu usiyemjua.

Mungu awabariki.