Edmund Morel, karani wa meli aliyefichua siri ya mpira wa Kongo

Kabla ya dunia kuanza kutafuta kobalti na koltani, mali ya Kongo iliyotafutwa sana ilikuwa mpira. Mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa kuonyesha namna mpira huo ulivyopatikana hakuwa askari wala mwanasiasa. Alikuwa karani wa kampuni ya meli, Edmund Dene Morel, na hakuwahi kufika Kongo maishani mwake.

Morel alizaliwa Paris tarehe 10 Julai 1873, baba Mfaransa na mama Mwingereza. Baba alifariki Morel akiwa bado mdogo, mama akamlea kwa shida na kumsomesha Uingereza. Mwaka 1891 alipata kazi Liverpool katika kampuni ya Elder Dempster, iliyokuwa na mkataba wa kusafirisha mizigo kati ya bandari ya Antwerp, Ubelgiji, na Kongo. Tangu 1885 nchi yetu ilikuwa mikononi mwa Mfalme Léopold wa Pili, kama mali yake binafsi.

Kwa kuwa Morel alijua Kifaransa, wakubwa wake walimtuma mara nyingi Ubelgiji kufuatilia mambo ya mkataba ule. Mshahara ulikuwa mdogo, kwa hiyo aliandika pia makala za biashara katika magazeti. Mwanzoni aliutetea utawala wa Léopold.

Kilichombadilisha ni hesabu za mizigo. Meli zilirudi kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu. Zilizoenda Kongo zilibeba bunduki na masasi kwa wingi, lakini bidhaa za kuwalipa wakaaji zilikuwa chache mno. Tena hesabu zilizotangazwa na serikali ya Léopold zilikuwa chini ya mali iliyoshushwa bandarini kweli, maana yake faida nyingine ilifichwa. Morel alijiuliza: kama wakaaji hawalipwi kwa pesa wala kwa bidhaa, ni nini kinachowafanya waingie porini kutafuta mpira? Jibu lilikuwa moja tu, nguvu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira. Wanawake walifungwa hadi waume zao walete kiasi hicho. Vijiji vilivyokataa vilichomwa, na askari walikata mikono ya watu ili kuwaonyesha wakubwa wao kwamba masasi hayakupotea bure. Makampuni kama ABIR yaliuza mpira huo Ulaya, ambako mahitaji yalikuwa yamepanda juu ya matairi ya baiskeli na ya motokari.

Morel alimweleza mkuu wa kampuni, Alfred Jones. Lakini Jones alikuwa pia konsuli wa Léopold mjini Liverpool, na mkataba ule ulimletea faida. Morel alipewa nafasi ya kazi nyingine yenye mshahara mzuri zaidi, akakataa. Mwaka 1901 aliacha kazi, akiwa na mke na watoto wa kulisha.

Mwaka 1903 alianzisha gazeti lake, West African Mail. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilijadili habari za Kongo, na konsuli Roger Casement alitumwa kupanda mto kufanya uchunguzi. Ripoti yake ilitoka 1904, na mwezi wa Machi mwaka huo Morel na Casement wakaunda Congo Reform Association. Picha za Alice Seeley Harris, mmisionari wa Baringa, zilisambazwa. Mojawapo inaonyesha baba amekaa akitazama mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa.

Wengine waliosaidia walilipa kwa maisha yao. Hezekiah Andrew Shanu, mfanyabiashara wa Boma mzaliwa wa Nigeria ya leo, alimpelekea Morel habari kwa siri. Alipogunduliwa, viongozi walimwandama hadi akajiua mwaka 1905. Na tume ya uchunguzi ambayo Léopold alilazimika kuiunda iliwasikiliza Wakongomani wenyewe. Chifu Lontulu wa Bolima aliweka mezani vijiti 110, kila kimoja kwa mtu wake mmoja aliyeuawa juu ya mpira. Ripoti ya tume ilikubali kwamba maovu yalikuwa ya kweli.

Tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji ilichukua Kongo kutoka kwa mfalme. Morel hakunyamaza mara moja. Chama chake kilifungwa 1913 tu. Hata hivyo, kazi za kulazimishwa ziliendelea kwa sura nyingine chini ya wakoloni.

Baadaye Morel alipinga Vita Kuu ya Kwanza na kufungwa gerezani 1917. Mwaka 1922 alimshinda Winston Churchill katika uchaguzi wa ubunge huko Dundee. Lakini doa moja linabaki: mwaka 1920 aliandika maneno ya ubaguzi dhidi ya askari weusi wa jeshi la Ufaransa waliokuwa Ujerumani. Alifariki tarehe 12 Novemba 1924.

Njia yake ya kazi ingali inatumika: kulinganisha kinachotoka na kinachoingia, na kuuliza nani alilipwa. Sheria ya Marekani ya 2010, na ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Januari 2021, zinayataka makampuni yachunguze asili ya bati, tantali inayotoka katika koltani, tangsteni na dhahabu. Kobalti, ambayo Kongo huchimba zaidi ya nusu ya ile yote ya dunia, haimo katika orodha ya sheria hizo mbili. Mchimbaji wa Kolwezi na mnunuzi wa simu Ulaya bado hawaonani, kama vile mvunaji wa mpira na mnunuzi wa tairi hawakuonana wakati wa Morel.