Norman Saunders: Alichora kadi zilizogombaniwa na watoto, jina lake halikuandikwa

Kama utotoni uliwahi kununua jojo si kwa utamu wake bali kwa stika iliyokuwa ndani, stori ya Norman Saunders inakuhusu.

Watoto wa Marekani wa miaka ya 60 walizijua kazi zake vizuri. Walizibadilishana shuleni na kuzigombania. Ila jina lake hawakulijua, maana kwenye kadi halikuwepo.

Majalada mawili kwa wiki

Saunders alizaliwa Januari 1, 1907 mjini Minot, North Dakota. Alianza kazi kwenye kampuni ya majarida ya Fawcett huko Minneapolis, na mwaka 1934 akahamia New York kutafuta maisha.

Wakati huo majarida ya hadithi ya bei poa yalikuwa yamejaa mitaani, na kilichoyauza ni picha ya jalada: kauboi na bastola, mpelelezi gizani, mrembo aliye hatarini. Kuanzia 1935 hadi 1942, Saunders alichora kama majalada 100 kila mwaka, yaani mawili kwa wiki. Hakubagua kazi, na hakuchelewesha.

Vita Kuu ya Pili ikamchukua. Alikuwa polisi wa jeshi akilinda wafungwa wa Kijerumani, kisha akapelekwa Burma kusimamia ujenzi wa bomba la mafuta. Hata huko, muda wa mapumziko alichora mahekalu.

Jezi mpya kwa brashi

Aliporudi, soko la yale majarida lilikuwa linakufa. Mwaka 1958 akapata kazi Topps, kampuni iliyouza bablishi pamoja na kadi za wachezaji wa besiboli.

Kazi yenyewe? Mchezaji akihamia timu nyingine, picha iliyopo bado inamwonyesha na jezi ya zamani. Saunders alichukua brashi na kumvalisha jezi mpya juu ya picha. Leo simu yako inaweza kufanya hivyo kwa sekunde chache, lakini yeye alitumia mkono tu.

Kadi zilizowatisha wazazi

Mwaka 1962 ikaja Mars Attacks, kadi 55 zinazosimulia viumbe wa Mars wakiivamia dunia. Wally Wood na Bob Powell waliandaa michoro ya awali, kisha kazi kubwa ya kupaka rangi ikamwangukia Saunders. Moto, damu, mifupa, na vile vichwa vikubwa vyenye ubongo ulio wazi: yote yaliingia kwenye kipande cha karatasi kinachotosha kiganjani.

Pakiti iliuzwa senti 5. Watoto wakazipenda, wazazi wakaja juu, na Topps ikasitisha uzalishaji.

Saunders hakukosa kazi. Alikuwa tayari amechora kadi za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kisha akachora za Batman mwaka 1966, na baadaye Wacky Packages, zilizotania vifungashio vya bidhaa maarufu za madukani.

Heshima iliyochelewa

Saunders alifariki mwaka 1989 akiwa na miaka 82. Miaka saba baadaye, Tim Burton akaigeuza Mars Attacks kuwa filamu ya Hollywood. Zile kadi za senti 5, ambazo nyingi ziliishia kwenye mapipa ya taka, sasa wakusanyaji wanazinunua kwa bei ya juu na wanajua kabisa nani alizipaka rangi.

Lakini yeye alilipwa kwa kazi tu. Kadi ilikuwa mali ya kampuni, na sifa pia.

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Ukishika kadi ya Pokémon, tazama kwa chini: utaona jina la mchoraji, kwa herufi ndogo sana. Ni mstari mmoja tu, ila Saunders hakuupata.