Al-Jazariy: Fundi wa Maji na Magurudumu



Ndugu zetu, tulipokuwa Dodoma tulifikia Nkuhungu, kwa mwenyeji mwenye kisima uani. Binti yake mdogo alikuwa akipandisha ndoo ya lita 20 kwa kuzungusha mkono wa chuma uliofungwa kwenye gogo, wala hatweti. Tukajitia kumsaidia kwa kuvuta kamba moja kwa moja; ndoo haijafika nusu, tumeshachoka. Hapo tukamkumbuka Ismaa'iyl bin Ar-Razzaaz Al-Jazariy, aliyeitwa Badiy'uz-Zamaan.

Sisi wa visiwani tukisikia jaziyrah tunafikiria kisiwa. Jina lake linatokana na nchi iliyo baina ya mito ya Dijlah na Furaat. Mwaka 570 Hijria (1174) aliingia utumishi wa wafalme wa ukoo wa Artuq, ambao baadaye walitawala mji wa Aamid, ambao leo ni Diyarbakır, Uturuki. Alimtumikia baba, kisha wanawe wawili mmoja baada ya mwingine.

Mfalme wake alichukia kumiminiwa maji ya wudhuu na mtumwa au kijakazi, akataka chombo kitakachofanya kazi hiyo. Al-Jazariy akakitengeneza. Lakini tunaona kazi yake kubwa zaidi ni mitambo mitano ya kupandishia maji. Katika baadhi yake mnyama anazunguka duara pana akisukuma mti, na katikati mhimili mwembamba unazunguka naye. Mtambo wa tano unaendeshwa na gurudumu la maji, na una pistoni mbili zinazopokezana.

Siri yake ndiyo ile ya Nkuhungu. Tuseme mkono una urefu wa sentimita 30 kutoka katikati, na gogo lina nusukipenyo cha sentimita 5. Gawanya 30 kwa 5, unapata 6: mzigo wa kilo 20 unataka nguvu ya kilo 3 na kitu, ukiacha msuguano. Wataalamu huita manufaa ya kimakanika. Wala si bure. Kisima kikiwa na kina cha mita 15, binti atazungusha mara 48 hivi, na kiganja chake kitakwenda takriban mita 90. Nguvu aliyopunguziwa anailipa kwa mwendo.

Mzazi mmoja wa Unguja aliwahi kutuuliza kama mwanawe aache fizikia ili ashughulike na chuo tu. Tukamwambia aache, na kijana akaacha. Tulikosea, na hapa tunawataka radhi wote wawili. Huyu Al-Jazariy alikuwa akishughulikia maji ya kutawadhia na mhimili wa gurudumu katika kitabu kimoja.

Kitabu hicho, chenye vyombo na mitambo 50, alikimaliza mwaka 602 Hijria (1206). Ameeleza vipimo, michoro na namna ya kuunganisha, ili fundi mwingine aweze kuunda upya. Hakupenda elimu ya ufundi isiyojaribiwa kwa mikono. Mwaka 1974 Donald Hill alikitoa kwa Kiingereza, na mafundi wa zama zetu wameunda baadhi ya mitambo hiyo na ikafanya kazi.

Alifariki mwaka huohuo wa 1206, Allaah Amrehemu. Nakala kongwe ya kitabu chake ipo Topkapı, Istanbul.