Jai Singh, mfalme aliyepima jua kwa mawe

Tulipoitaja Jantar Mantar ya Jaipur, kaskazini magharibi mwa India, katika kipindi cha safari, baadhi yenu mliuliza: ni nani alijenga ngazi ndefu ya mawe isiyofika popote?

Ni Sawai Jai Singh wa Pili. Alizaliwa mwaka 1688, akarithi kiti cha baba yake akiwa na miaka 11 tu. Aliwapigania vita watawala wa Mughal, lakini moyo wake ulikuwa kwenye hesabu na nyota. Alipolinganisha mahesabu ya zamani na anga lenyewe, aliona havipatani. Hilo halikuwa jambo dogo, kwani tarehe za sikukuu na za kupatwa kwa jua na mwezi zilitegemea mahesabu hayo.

Vifaa vya shaba vya wakati ule vilikuwa vidogo, na vikilika huyumba. Basi akajenga vifaa vikubwa kama majumba, kwa mawe na chokaa. Alijenga vituo vitano: Delhi, Jaipur, Ujjain, Mathura na Varanasi. Cha Jaipur, mji aliouanzisha mwenyewe mwaka 1727, ndicho kikubwa kuliko vyote.

Ile ngazi ni saa ya jua yenye kimo cha mita 27 hivi. Kivuli chake hutembea karibu milimita moja kila sekunde. Simama dakika moja tu, utakikuta kimesogea upana wa vidole vitatu. Sisi tuliokua tukikisia saa sita kwa kivuli cha mwembe tunavua kofia. Usishangae kisipolingana na simu yako: kivuli kinafuata jua la Jaipur, simu inafuata saa ya India nzima.

Ulaya tayari walikuwa na darubini, na Jai Singh alijua. Alituma ujumbe Ureno, ukarudi na majedwali ya Mfaransa La Hire. Alipoyapima aliyakuta nayo yana makosa, akabaki na mawe yake. Kwa maoni yetu, hapo alikosea. Mawe yalipima vizuri mahali nyota ilipo, lakini hayakuweza kuonyesha kitu ambacho macho hayakioni.

Alifariki mwaka 1743. Wanawe wakagombea kiti, kazi ya nyota ikakosa mwenyewe. Kituo cha Mathura hakipo tena. Cha Jaipur kilikarabatiwa mwaka 1901, na mwaka 2010 UNESCO ikakiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Atakayejaliwa kufika achague siku isiyo na mawingu, la sivyo ataona kuta tu.