Daktari aliyeshtakiwa na watoto wake mwenyewe

Hebu fikiria mwalimu wako wa darasa la nne ameshtakiwa na wanafunzi, mahakimu ni wanafunzi hao hao, na yeye anakubali uamuzi. Ungesema hiyo ni sinema. Lakini Warsaw, Poland, Janusz Korczak alisimama mbele ya korti kama hiyo zaidi ya mara moja.

Jina la kuzaliwa lilikuwa Henryk Goldszmit, Myahudi. Babake, wakili, alipata ugonjwa wa akili na pesa nyumbani zikayeyuka, kijana akaanza kufunza watoto wa wengine ili wapate riziki. Baadaye akawa daktari wa watoto. Angekaa hapo akule maisha na matajiri wa jiji, lakini 1912 akahamia makao ya mayatima mtaa wa Krochmalna. Aliyaendesha na Stefania Wilczyńska, mama ambaye historia humsahau, ilhali ndiye aliyeshikilia nyumba buda alipokuwa vitani.

Watoto hao walikuja wakijiona si kitu. Korczak hakuwapigia hotuba eti wajiamini. Aliwapa bunge lao, gazeti na korti, ambayo vifungu vyake 99 vya kwanza vyote vilikuwa vya kusamehe. Mtoto wa kupenda ngumi waliwekeana dau: wiki hii utapigana mara ngapi? Idadi anaitaja mtoto mwenyewe. Akishinda, anapata peremende. Akishindwa, hakuna kiboko, wanajaribu tena wiki ijayo. Polepole mtoto anaona neno lake lina uzito, na kwamba jana yake si hukumu ya maisha. Sasa linganisha na zile namba tulizosomewa paredi, kuanzia wa kwanza hadi yule wa mkia, shule nzima ikisikiza!

Kisha wakaja Wanazi. 1940 makao yakasukumwa ndani ya geto. Marafiki walitaka kumtorosha Korczak, akakataa kuwaacha watoto. Agosti 1942 yeye, Stefania na watoto karibu 200 walipakiwa kwenye treni hadi Treblinka, ambako waliuawa.

1978 Poland hiyo hiyo ikapendekeza mkataba wa haki za mtoto. Umoja wa Mataifa uliupitisha 1989, Kenya ikauridhia 1990. Viboko shuleni tulivipiga marufuku 2001, na kama vilikoma kweli, muulize mtoto yeyote hapo kwa ploti yenu.